Mtani wa Ubalozini

Jovial, mtoto wa kaka yangu, alipigwa risasi ya mgongo siku ya pili ya kura, mlangoni mwa shule moja ya mtaa wa Katanika, kwa sababu alikataa mashine ya kupigia kura iondolewe kabla ya kuhesabu. Naanza na hilo kwa sababu wakubwa wamelizunguka neno hilo kama watu wanaokwepa dimbwi. Kesho yake redio moja ya mji ilitangaza kwamba kijana fulani amechomwa kisu na wezi karibu na soko. Kijana fulani! Alikuwa na jina, alikuwa shahidi wa chama chake katika chumba kile cha kura, kitambulisho kikining'inia shingoni, alikuwa na diploma na mchumba, na kila Jumapili alikuja kula kwangu bila kualikwa. Mkinisikia nasema kwa hasira msiniombe nipoe. Nimepoa mara nyingi maishani, na faida yake sijaiona.

Wifi yangu Mado, mama yake Jovial, alimvua mwanawe shati kwa mikono yake kabla hatujamwosha. Lilikuwa shati jeupe lenye mistari ya buluu, lililotoka Kigoma kwa boti, zawadi ya mchumba wake Laurette. Nyuma, chini ya bega la kushoto, palikuwa na tundu dogo lililoungua ukingoni. Mbele lilikuwa kubwa zaidi, na damu ilikuwa imegandia kote. Mimi si mtaalamu wa kitu chochote isipokuwa ndagala, dagaa hawa wa ziwa letu, lakini najua kisu hakiunguzi kitambaa. Wakili wetu Jean-Luc alilitazama kwa muda mrefu, akatuambia tulifiche vizuri. Alisema mashahidi watatishwa mmoja mmoja mpaka wanyamaze, ila shati halina kazi ya kufukuzwa wala watoto wa kutishiwa.

Sasa niwaeleze utani, maana bila huo hamtaelewa ujinga wetu. Kwetu huku pembeni mwa ziwa kila ukoo una ukoo wa watani. Siku ya msiba sisi tuliofiwa tunakaa chini tu. Mtani ndiye anayechimba kaburi, anayesimamia sufuria, anayetutukana mpaka tucheke, anayevaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake. Siku ya kuondoa matanga yeye ndiye anayesimama mbele ya watu kueleza jinsi mtu alivyokufa, kwa kuwa kinywa cha mfiwa kimejaa machozi. Akishasema, anafagia majivu ya moto wa msiba, anachukua nguo alizofia marehemu na kuondoka nazo. Hakuna anayemuuliza amezipeleka wapi. Kumdai mtani nguo ya maiti ni kukiita kifo kirudi nyumbani.

Mtani wetu alikuwa Papa Ruphin. Alimzika baba yetu, alimzika na mume wangu, tena siku ile alinitania mpaka nikasahau kulia. Safari hii alituma salamu kwamba mguu unamuuma. Mguu wenyewe tulikuwa tumeuona Jumapili ukitoka kanisani vizuri kabisa. Kumbe mtoto wake alikuwa amepata kazi kwa wakubwa, na siku hizi kazi inauma kuliko mguu. Simlaumu sana. Namlaumu kiasi.

Basi tukakaa na matanga yasiyo na wa kuyaondoa. Moto ukiendelea kuwaka uani, Mado hawezi kuoga ziwani wala kurudi sokoni, na kaka yangu Florent, baba yake Jovial, hawezi kunyoa ndevu. Na huko nje habari ya kisu na wezi ilikuwa inazidi kuota mizizi. Hata majirani waliotuonea huruma walianza kusema, ah, wezi wa siku hizi hawana Mungu. Ndicho kilichomtisha Mado kuliko kifo chenyewe, kwamba mwanawe atakaa kaburini na uongo juu yake.

Ndipo akaja Bwana Édouard. Alikuwa mshauri katika ubalozi wa nchi moja iliyoleta watu kutazama kura, na wenzake walipopanda ndege kurudi Kinshasa yeye alibaki. Nchi yake siitaji. Si kubwa ya kuogopwa wala si ndogo ya kudharauliwa. Haijawahi kututawala, na hilo peke yake lilitosha kutufanya tuipende. Alifika na Daniella, msichana wa mtaa wa Kataki aliyesoma darasa moja na Jovial, ambaye alikuwa akimtafsiria. Hakungoja kiti, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanaume. Alisema nchi yake haina jeshi la kuleta wala fedha za kutisha mtu. Inachoweza ni kuita jambo kwa jina lake, na mara nyingine wengine husikiliza.

Mimi nikamchokoza. Nilimwambia nimesikia kwao kuna baridi hata maiti hawaozi, sasa amekuja kuota moto wetu wa msiba bila kuleta hata kuni moja. Daniella alitafsiri akitazama chini kwa aibu. Yule bwana akacheka, akanyoosha mkono, akanyakua kipande cha sangala kwenye sahani ya Florent, akatafuna, kisha akajibu kwamba samaki huyu ana miiba mingi, bila shaka ni ndugu yake shangazi. Hakuna aliyemfundisha, yalimtoka mwenyewe. Wanawake walipiga vigelegele kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mtoto, na hata Mado akafunika mdomo kwa mkono.

Florent alisimama. Kaka yangu ni mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliyatoa yote, kwa Kiswahili cha kwetu kinachosema njo badala ya ndiye.

"Ruphin alitukimbia," alisema. "Mungu ametuletea mwingine. Alitukanwa, akacheka, akakula. Huyu njo mutani wetu."

Florent ana sababu yake ya kuwaamini watu wa namna ile. Baba yetu alikuwa kijana kule kijijini Niemba mwaka wa sitini, wakati askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipouawa pale, na alisimulia mpaka uzeeni kwamba nchi yao, nchi ndogo tu, iliwalilia wote na kuwaita kwa majina. Kaka yangu alikua akiamini kwamba nchi kubwa huhesabu maiti, bali nchi za namna ile hujua majina yao. Ya Bwana Édouard ilikuwa nchi nyingine kabisa, lakini moyo wa mfiwa hautazami ramani.

Nilidhani Jean-Luc atapinga, kwa kuwa mtani angechukua shati. Hakupinga. Siku chache kabla, watu wenye bunduki walikuwa wameingia nyumbani kwa Mado na kupindua godoro. Wakati huo shati lilikuwa kwangu, ndani ya gunia la ndagala, na wangejua njia ya kwangu mapema au baadaye. Jean-Luc alisema hakuna nyumba salama Kongo nzima kuliko ubalozi. Mila na sheria zilikuwa zimekubaliana, jambo ambalo sijaliona tena.

Siku ya kuondoa matanga Bwana Édouard alikuja na suruali nzuri, akaichafua. Ninamtendea haki, siku ile alifanya yote. Alisimama katikati ya ua, watu wamejaa mpaka barabarani, akasema kwa Kifaransa, na Daniella akatamka kwa Kiswahili, kwamba Jovial alikufa kwa risasi, akiwa amegeuza mgongo, akilinda kura za watu. Nilisikia ua mzima ukishusha pumzi. Kisha akafagia majivu vibaya, kama mwanaume yeyote, nikamwambia hivyo, akacheka huku machozi yanamtoka. Mado alimletea shati limefungwa katika kikwembe, kitenge chake mwenyewe. Akalipokea kwa mikono miwili, akaahidi kwamba serikali yake italiona shati hili kwa macho na italisema lililomo.

Mado akaenda kuoga ziwani. Wiki iliyofuata alirudi sokoni, na watu walimwita tena Mama Jovial bila kushusha sauti. Alikuwa amepata kitu ambacho wengi waliofiwa mwaka ule hawakukipata, na aliposhika mizani yake ya ndagala nilimwona amenyoosha mgongo. Nami nilifurahi, kwa nini nifiche?

Tukaanza kungoja. Florent aliweka redio dirishani na kuipigia betri makofi kila ilipokoroma. Matokeo yalitangazwa, kisha yakathibitishwa. Nchi kubwa zikapongeza, moja baada ya nyingine, majirani nao wakapongeza. Siku ya nchi ya Bwana Édouard ilipofika, Florent aliniita mbio kutoka jikoni. Tulisikiliza tumesimama. Ilisema imeyazingatia matokeo. Ilisema inasikitishwa na ghasia zilizojitokeza mahali fulani, na inazitaka pande zote zijizuie.

Daniella alituelezea baadaye kwamba neno hilo la kuzingatia huchaguliwa kwa uangalifu sana. Si kupongeza, si kukataa. Nikasema sawa, neno la kati la nchi ya kati. Lakini hayo mengine sikuyameza. Pande zote! Jovial naye ni upande, ajizuie asipigwe tena.

Florent hakukata tamaa. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, hawa wanapika jambo. Ni kweli walikuwa wanapika. Haukupita muda waziri wa nchi ile akaonekana Kinshasa, picha zikazagaa kwenye simu, mikono imeshikana, meno yote nje. Habari zilieleza kwamba wamezungumzia urafiki, na Manono. Manono imo katika mkoa wetu huu huu wa Tanganyika, na kule kuna lithiamu, ile ya kutengenezea betri za magari. Betri inahitajiwa na mnene na mwembamba, wa kati naye asibaki nyuma. Siku hiyo Florent alizima redio, akaiingiza ndani.

Nilimwita Daniella nyumbani kwangu nikamkalisha. Alikuwa bado anafanyia ubalozi kazi za hapa na pale, na nilimwambia sitaki lugha ya ubalozi, anipe lugha ya kwao. Alizungusha kikombe cha chai mpaka kikapoa.

"Tantine, Papa Édouard alibishana na serikali yake," alisema. "Walimujibu kama wakisema peke yao, watafukuzwa peke yao. Nchi kubwa zimenyamaza, basi wao wasemee kwa mugongo wa nani?"

Nilimwambia awajibu kwamba mgongo upo, tumeuzika Katanika. Hakucheka, wala mimi sikutania. Nikamuuliza shati liko wapi. Akasema liko salama, limefungiwa. Kwamba waziri aliliona au hakuliona, hakujua.

Maisha yangeishia hapo, kama yanavyoishia kwa wengi. Lakini Jean-Luc ni mbishi. Alibisha hodi katika kila mlango mpaka mahakama ya kijeshi ikakubali kusikiliza kesi ya askari mmoja aliyeonekana pale shuleni. Tulipata tarehe. Mara mashahidi wakaanza kuyeyuka. Mmoja alihamia Nyunzu kulima, mwingine akasema siku ile alikuwa na malaria. Laurette peke yake alibaki, lakini yeye hakuona risasi, aliona mtu wake ameanguka. Jean-Luc akasema bila shati tusijisumbue hata kupanda ngazi za mahakama.

Florent alikataa katakata. Alisema hajawahi kusikia, tangu enzi za babu zake, mfiwa akimdai mtani nguo ya maiti. Alisema heri kesi ife kuliko kukiita kifo mlangoni, na bado ana watoto wawili. Tulikuwa uani kwao, na kwa mara ya kwanza nilimwona kaka yangu akiogopa kitu kisichobeba bunduki. Mado alikuwa anachambua ndagala. Akaziacha.

"Mutani kazi yake njo kusema," alisema. "Alisema siku moja, akanyamaza. Basi ile shati inamufanyia nini? Mimi mwenye kuzaa njo ninaiomba. Kifo kikitaka kurudi, kije kwangu."

Aliosha mikono, akavaa kikwembe safi, akaenda mwenyewe kwa Daniella kupeleka ujumbe wa sauti. Najua hofu aliyokuwa nayo, kwa sababu tangu siku ile aliacha kulala kitanda kimoja na binti yake mdogo, ili kifo kikija kisimkosee.

Jibu lilikuja upesi kuliko tulivyotarajia. Bwana Édouard alisema bila shaka, mama ana haki. Alikuwa anahamishwa kwenda nchi nyingine na alikuwa anafunga mizigo. Shati angelituma kwa ndege lifike kabla ya kesi. Sauti yake ilikuwa ya upole sana, hata Florent akalegea, akasema labda mtani mgeni hana masharti ya mtani wa kuzaliwa. Nami nikajisemea moyoni kwamba nilimtukana mtu wa watu bure.

Kifurushi kilifika mchana wa siku moja kabla ya kesi. Daniella alikitoa uwanja wa ndege kwa pikipiki, amekikumbatia tumboni. Tulikuwa wote uani kwa Mado: yeye, Florent, Laurette, mimi, na Jean-Luc na mkoba wake. Kilikuwa kisanduku cha kadibodi ngumu, ndani kina karatasi laini nyeupe, na juu ya karatasi kikwembe cha Mado kimekunjwa. Harufu ilitangulia kutoka. Ilikuwa harufu ya sabuni ya maua.

Shati lilikuwa jeupe. Sijui niseme vipi. Lilikuwa jeupe kuliko siku lilipotoka Kigoma, mistari ya buluu imeamka, kola imesimama, limepigwa pasi na kukunjwa kama linauzwa. Hata kifungo kilichokuwa kimekatika kilikuwa kimerudishwa. Mado alilitoa polepole, akaligeuza, akapitisha vidole chini ya bega la kushoto. Akavirudisha. Akavipitisha tena. Halafu akampa Laurette upande mmoja washike wote wawili walinyooshe kwenye jua, na sisi tukasogea.

Daniella, maskini, alikuwa amekwisha kubonyeza simu, kwa sababu pamoja na kifurushi ulikuja ujumbe. Bwana Édouard alisema, naye akatutafsiria kabla hajaelewa anachotafsiri, kwamba kwao nguo ya mtu mpendwa hairudishwi kwa mama yake ikiwa katika hali ile. Mke wake ameifua mwenyewe, hakuwaachia watumishi. Amekaa siku nzima akiyashona matundu kwa uzi unaofanana, uzi kwa uzi, huku analia. Wanaomba Mungu ampe mama faraja.

Jean-Luc alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale, akaweka mkoba chini. Mimi nilitafuta tusi. Nina matusi ya Kiholoholo, nina ya Kiswahili, nina na ya Lingala niliyojifunza kwa wanajeshi, na sikupata hata moja linalotosha. Kuna watu mjini wanaosema yule bwana aliagizwa, kwamba shati lilifuliwa kwa amri ili mkataba usichafuke. Ningependa iwe hivyo. Adui anachukika vizuri. Lakini niliisikia ile sauti, na naamini mke wake alilia kweli. Ulikuwa wema, wema wa watu ambao hawajawahi kukosa mtu wa kuwaamini, na huo ndio uliotumaliza.

Mado aliingia ndani akarudi na wembe. Alikaa kwenye mkeka, akalaza shati kifudifudi juu ya magoti, akasogeza uso karibu sana, na ncha ya wembe ikatafuta uzi wa kwanza. Jean-Luc aliruka akamshika mkono.

"Mama, usifungue," alisema. "Ukifungua leo, kesho watasema tundu ni yako. Watasema njo wewe ulitoboa."

Mado alimtazama, akatazama wembe. Akauweka chini, mbali na goti lake, kama mtu anayemwekea mtoto kitu cha hatari mbali. Alilikunja shati kwa mikunjo ile ile liliyokuja nayo. Florent alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake. Nilingoja Mado alie, ili nami nipate ruhusa, lakini alimwita Daniella amsogelee na simu.

"Umwambie yule mama ameshona muzuri," alisema. "Mimi mwenye kumuzaa, nimetafuta, sioni penye iliingilia."

Daniella aliuandika ujumbe ule kama ulivyo, neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiutume. Jibu halikukawia. Madame alikuwa ameshukuru sana kwa maneno hayo mazuri.